Maua ya maboga si chakula cha aibu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe langu la moyoni. Mimi ni mshona nguo wa hapa Mikindani, mkoani Mtwara. Gazeti lenu hulinunua jirani yangu mwenye duka, na akishamaliza kulisoma hunipitishia. Ninaanzia ukurasa wa mapishi. Nimesoma humo keki za kila aina, kuku wa krimu, saladi zenye vitu ambavyo hata sokoni Mtwara mjini sivioni. Ua la boga sijalikuta hata siku moja. Barua hii naiandika kwa ajili ya ua la boga, na kwa ajili ya kijitabu cha kurasa 16 nilichokishona mwenyewe kwa cherehani yangu.

Mvua zilizopita mama yangu alishuka kutoka Newala akaja kukaa kwangu. Umri umekwenda na ana mtoto wa jicho, mtu anamtambua kwa sauti. Asubuhi moja nilimkuta nyuma ya nyumba, kwenye maboga yaliyojiotea pale tunapomwaga taka za jikoni, anachuma maua kwa kupapasa. Anashika ua, vidole vinateremka taratibu kwenye kikonyo. Akikuta kiduara kama gololi chini ya ua, analiachia. Akikuta kikonyo kitupu, kirefu, chembamba, chenye vinyweleo vinavyokwaruza, anakata kwa ukucha na kuliweka kwenye ungo. Nilisimama nikamtazama mpaka alipomaliza. Kisha nikayapitia maua yote, moja moja. Hakukosea hata moja.

Kwa msomaji aliyekulia mjini, lile lenye gololi ni ua jike, na hiyo gololi ndiyo boga lenyewe likiwa changa. Lenye kikonyo kitupu ni ua dume, kazi yake ni kutoa ule unga wa njano ambao nyuki huupeleka kwa majike. Wenye kujua hula madume, na hata hayo huyabakiza machache, maana bila unga wake gololi zile zote hudondoka. Na huchumwa mapema. Ua la boga hufunguka alfajiri, na jua likishakuwa kali hujikunja na kulegea.

Mchana alitupikia. Alitoa kwanza kile kidole cha katikati chenye unga, kwa sababu kina uchungu kidogo, akabandua vile vijani vyembamba vinavyoshika kitako cha ua, kisha akayatumbukiza maua kwenye maji ya chumvi, na sisimizi wakatoka wenyewe. Majani machanga ya maboga aliyamenya nyuzi, akayakatakata, akayabandika na kitunguu na nyanya katika tui jepesi. Karanga alizitwanga, akazikoroga na tui zito, akazitia na kuziacha zichemke kwa moto mdogo mpaka zikaiva na mafuta yakaanza kuelea juu. Maua yalikuja mwisho kabisa. Aliyatia, akafunika, dakika tatu hazikufika vizuri, akaepua. Ungo uliojaa ulibaki bakuli moja. Tulikula na ugali wa muhogo. Wajukuu zangu wawili, ambao mboga za majani huzipanga pembeni mwa sahani, walifuta bakuli kwa tonge.

Jioni nikamwambia, mama, mapishi haya nataka kuyaandika. Alikasirika. Akaniambia, "Mwanangu, usiniandikie njaa yangu."

Sikumwelewa mpaka aliponieleza. Kule juu Newala mvua ni ya msimu mmoja; watu hupanda mvua zikianza mwishoni mwa mwaka, na kati ya Januari na Machi, wakati shamba ni la kijani na ghala ni tupu, ndipo watu hukazwa. Maboga huwahi. Hutoa majani kwanza, kisha maua, boga lenyewe baadaye kabisa. Kwa hiyo mwanamke aliyeonekana na ungo wa maua asubuhi alikuwa ametangaza kwa kijiji kizima kwamba kwake unga umekwisha. Mama alikuwa akichuma gizagiza, akirudi kabla watu hawajaamka. Miaka yote hiyo sisi watoto wake tulijua tu kwamba mboga ile ni tamu.

Mhariri, maneno yale yalinikaa rohoni usiku kucha. Asubuhi nilimwendea na kopo langu la viungo. Nikamtia mkononi karafuu moja. Nikamwuliza, hii ni nini? Akasema karafuu. Nikamwambia mama, papasa kichwa chake. Karafuu ni ua. Ni ua ambalo halijafunguka. Kule Pemba na Unguja huchumwa lingali limefumba, likaanikwa juani mpaka likawa jeusi. Ile punje ya kichwani ni petali zilizojikunja. Ukiweka karafuu kwenye pilau umeweka maua. Na zafarani, ile ambayo watu huipima kama dhahabu, ni nyuzi tatu tu zinazochomolewa katikati ya kila ua, na hutakiwa maua kama 150 kupata gramu moja. Hakuna mtu anayeficha pilau yake kwa sababu ina maua ndani. Nikamwambia, kilichokuwa na aibu ni ghala tupu, na ghala tupu halikuwa kosa lako. Ua halina kosa.

Alinyamaza muda mrefu, karafuu iko mkononi. Kesho yake, tukinywa chai, akasema, "Haya. Lete kalamu."

Kazi ya kwanza ilikuwa vipimo. Ukimwuliza mama chumvi kiasi gani, atakwambia kiasi. Karanga? Kiasi. Moto? Wa kiasi. Mimi nimeishi kwa futi ya kamba shingoni, mteja hawezi kuvaa gauni la kiasi, na msichana wa Mtwara mjini ambaye hajawahi kuona mama yake akipika maua hawezi kupika kwa neno hilo. Basi kila mama alipochota karanga kwa kiganja, nilimwomba azimimine kwanza kwenye kikombe changu cha chai. Viganja vyake vitatu vilijaza kikombe. Chumvi yake ya vidole vitatu ikawa nusu kijiko cha chai. Tulipika mara tatu, siku tatu tofauti, na nilishangaa: mkono wake haukubadilika. Kikombe kimoja cha karanga zilizotwangwa, nazi moja, maua 30, fungu moja la majani. Hivyo ndivyo nilivyoandika.

Kisha nikatengeneza kitabu. Napenda kueleza hapa jinsi nilivyofanya, kwa sababu akina mama wengi niliowaonyesha waliniuliza ni kiwanda gani kilichochapa. Karatasi nne za A4 ukizikunja katikati na kuzichomeka moja ndani ya nyingine unapata kurasa 16. Tatizo ni kwamba kurasa hazikai kwa kufuatana ukiwa umezitandaza. Karatasi ya nje kabisa hubeba ukurasa wa 16 na wa 1 upande mmoja, wa 2 na wa 15 upande wa pili. Inayofuata ina 14 na 3, nyuma 4 na 13. Kumbuka hivi tu: kurasa mbili zilizo upande mmoja zikijumlishwa lazima zitoe 17. Mimi nilikunja kwanza karatasi tupu, nikaandika namba kwenye kila pembe kwa penseli, ndipo nikazifungua na kuanza kuandika kwa kalamu nyeusi. Kalamu ya bluu kwenye fotokopi hufifia, niliyaona hayo baada ya kupoteza karatasi mbili.

Steshenari walinitoza shilingi 100 kwa upande, kwa hiyo kijitabu kimoja ni shilingi 800. Manila moja kubwa natoa majalada manne. Stepla ya kawaida haifiki katikati ya karatasi, na ndipo nilipoitazama cherehani yangu. Chukua sindano namba 16 iliyokwisha makali ya kitambaa, maana karatasi huua sindano mpya. Weka mshono mrefu kabisa ambao mashine inauweza, kwa sababu mshono mfupi hutoboa matundu ya karibu na karatasi huchanika kama stempu. Usirudishe mshono mwanzo na mwisho. Acha uzi mrefu kila ncha, ufunge fundo kwa mkono kwa ndani. Kunja, piga mgongo wa kijiko kwenye kunjo, bana chini ya kitu kizito usiku mmoja. Vijitabu 40 vya kwanza nilivibana chini ya kinu.

Michoro niliichora kutoka kwa maua yenyewe. Mengine niliyakausha kati ya kurasa za gazeti lenu, chini ya kinu hichohicho, nikibadilisha kurasa kila siku ili yasiote ukungu. Gazeti hunyonya maji vizuri kuliko daftari.

Sasa naeleza kosa langu, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike barua hii na nisikae kimya na vijitabu vyangu. Fotokopi ni nyeusi na nyeupe. Nilichora ua la boga vizuri, na jani lake na kikonyo chake, nikaandika "ua la boga" chini yake, lakini sikuandika kwamba ni la njano. Kwangu jambo hilo lilikuwa wazi mno kiasi kwamba halikunijia. Binti mmoja wa mtaa wa pili alichukua kijitabu, na uani kwa shangazi yake kulikuwa na mtambaa wa vibuyu, vile vya kutengenezea vyombo. Jani linafanana, ua lina petali tano, na binti alitazama mchoro wangu akaridhika. Alichuma maua na majani machanga, akapika na nazi nzima na karanga za watu. Alipoonja alitema. Mboga ilikuwa chungu kama dawa. Shangazi alimwaga sufuria yote, na alifanya vizuri sana, kwa sababu katika jamii hiyo ya maboga, matango na vibuyu, uchungu mkali ni sumu inayojitangaza. Chakula chake kikiwa kichungu hakirekebishwi kwa sukari wala kwa nazi. Kinamwagwa.

Nilikwenda kumwomba radhi na kumlipa nazi yake. Kisha nikavikusanya vijitabu vyote nilivyoweza kuvipata na kuandika kwa mkono, kimoja kimoja: ua la boga ni la NJANO, hufunguka ASUBUHI, la kibuyu ni JEUPE, hufunguka JIONI. Na kurasa za 2 na 3 nikaziandika upya kabisa, zikawa za tahadhari tupu, kabla ya pishi lolote. Kwamba mranaha, wenye ua refu jeupe kama tarumbeta na tunda la miiba, hauliwi, hauchemshwi, hautiwi kwenye chai. Kwamba maua ya mapambo ya uzio, hasa ya miti yenye utomvu mweupe, tuyaache yapendeze macho. Kwamba mawaridi yanayouzwa kwa ajili ya harusi hupulizwa dawa, hayafai mezani. Kwamba ua usilolijua jina, na mtu mzima wa mtaani hajawahi kulila, huliweki mdomoni kwa sababu tu linanukia.

Na jambo la kwetu hasa, ambalo kitabu cha kigeni hakiwezi kukwambia: mikorosho. Kuanzia mwezi wa sita wa saba mashamba hupulizwa salfa na dawa za maji kwa ajili ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe. Upepo haujui mpaka. Mlonge uliosimama pembeni mwa mikorosho, maua yake msimu huo yaache. Mlonge wa uani, mbali na shamba, ndio wa kuchuma.

Maua hayo ya mlonge ndiyo yako kurasa za 7 na 8. Ni madogo, rangi ya maziwa, mama huyachemsha kidogo, humwaga maji ya kwanza, kisha huyakaanga na kitunguu na mayai mawili. Choya, ile ya juisi nyekundu, nayo nimeiweka, ingawa kinacholiwa pale ni kile kikombe chekundu kinachobaki baada ya petali kuanguka. Nimesisitiza isichemshwe kwenye sufuria ya alumini, kwa sababu ukali wake hula alumini. Tumia chungu au bakuli la enameli. Wajawazito nimewaandikia waulize kliniki kwanza, kwa mlonge na kwa choya.

Ua la mgomba nimelipa kurasa mbili kwa sababu wengi hulitupa. Mkungu ukishamaliza kutoa vichana, lile ua la zambarau linaloning'inia halina kazi tena kwenye mkungu, na maofisa kilimo huwashauri wakulima walivunje kwa kijiti chenye panda badala ya kisu, ili ugonjwa wa mnyauko usitembee na kisu kutoka mgomba hadi mgomba. Basi likishavunjwa, lilete jikoni. Bandua maganda ya zambarau mpaka ufike kwenye moyo mweupe, katakata nyembamba, loweka kwenye maji ya chumvi na ndimu yasiwe meusi, kisha lipike na nazi na dagaa. Pakaa mafuta mikononi kwanza. Na vua nguo nzuri. Hili nalisema kama fundi: utomvu wa mgomba ukigusa kitambaa cheupe haujatoka mpaka leo.

Ninachokuomba, Mhariri, ni nafasi. Katika ukurasa wenu wa mapishi, hata mara moja kwa mwezi, wekeni pishi moja lililoletwa na msomaji kutoka nyumbani kwao, lenye vipimo vya kikombe na kijiko, lenye rangi ya kila kitu na wakati wa kukichuma. Nami nawaomba wasomaji wa Lindi, Nachingwea, Ruangwa, Masasi na Tandahimba: ukurasa wa 14 wa kijitabu changu ni wa majina, na una mapengo mengi. Ninalo jina la Kiswahili na la Kimakonde kama mama alivyoyatamka. La Kimwera, la Kiyao na la Kimakua sina, na baada ya yaliyompata yule binti najua kwamba jina lisilohakikishwa ni hatari kuliko kukosa jina. Anayejua aandike kupitia gazeti hili, na aeleze ua linafananaje, jani likoje, tunda likoje. Ukurasa wa 15 nimeuacha mtupu makusudi, ili mwenye kijitabu aandike la kwao. Vijitabu vilivyorudi kwangu kurekebishwa, vitatu vilikuwa tayari vimeandikwa hapo. Kimoja kilikuwa na pishi la maua ya maboga kwa ufuta badala ya karanga. Nimelijaribu, na toleo lijalo litakuwemo.

Nakala ya mama niliitengeneza peke yake. Kwa kuwa haoni maandishi, jalada nilitumia kipande cha khanga kilichogandishwa kwenye manila, na juu yake nikatarizi ua la boga kwa uzi mnene wa njano, petali tano na kikonyo, ili vidole vyake vione. Alipolipokea alilipapasa kuanzia juu, akateremka, akafika chini ya ua, akasita. Akaniuliza mbona sikuweka gololi. Nikamwambia, mama, hilo ni dume.

"Basi sawa," akasema. "Hilo linachumwa."

Mshona nguo,
Mikindani, Mtwara